Kirikuu Nilichokitoa Sadaka Nikakinunua Mwenyewe

Leo nimejiaibisha mchana kweupe, Mikumi, mbele ya kanisa zima. Mimi naandika polepole, kwa hiyo nivumilieni.

Mnakijua kirikuu cha baba, kile kigari cha mizigo cha bluu alichokuwa anabebea vitunguu. Mafuriko ya Kilosa yalikikuta kimeegeshwa karibu na mto. Maji yakapanda mpaka juu ya viti, injini ikajaa tope. Mafundi walikiangalia wakatikisa vichwa. Tangu hapo kimekaa uani kwetu Kisanga, kuku wanatagia ndani.

Juzijuzi nikasikia kuna kituo cha watoto yatima Mikumi, kimeanzisha darasa la ufundi wa magari lakini hakina gari la kujifunzia. Mwalimu anawachorea injini ubaoni. Nikamwandikia ujumbe huyo mwalimu. (Kumpigia sikuweza. Mnanijua.) Nikamwambia tunalo gari, ila ni bovu sana. Akajibu: "Bovu ndilo tunalolitaka! Zima tutalifungua la nini? Na wewe ukilileta, karibu ujifunze pamoja na wenzako."

Mimi niliishia darasa la saba. Ujumbe ule niliusoma mpaka chaji ikaisha.

Baba akakubali. Leo asubuhi alikiosha mwenyewe kwa sabuni, akafukuza kuku, akatoa mayai. Akaniambia, "Ukifika sema ni sadaka yetu kwa watoto. Usiseme msaada. Msaada wanatoa matajiri."

Mjomba Selemani alikuwa anapeleka trekta Mikumi kuchukua jembe lake kwa fundi. Akafunga kamba, mimi nikashika usukani, tukaondoka. Kila tulipopita watu walipunga mikono. Mimi nikainama chini ya usukani kama mtu anayetafuta kitu alichodondosha.

Sasa, kituo kiko nyuma ya kanisa na geti ni moja. Na leo, bila mimi kujua, kanisani ilikuwa sikukuu ya mavuno! Watu wameleta maboga, kuku, miwa, mbuzi, na baada ya ibada vyote vinanadiwa hapo nje.

Getini nikamkuta mzee wa kanisa.

"Shikamoo."

"Marahaba, kijana. Umeleta sadaka?"

Nikakumbuka maneno ya baba. "Ndiyo, ni sadaka."

(Neno moja tu. Ningeongeza "ya watoto", leo ningekuwa mtu mwingine.)

"Bwana asifiwe! Sadaka zote mbele!" Akaita vijana wa kwaya. Wakafungua kamba, wakakisukuma kirikuu wakiimba, wakakiweka katikati ya maboga na mbuzi. Mjomba akabaki barabarani na trekta lake. Mimi nikasimama pembeni nikijiambia, subiri, watu wakipungua utamwambia mtu.

Watu hawakupungua. Mnada ukaanza.

Dalali alikuwa kijana mwenye kipaza sauti na maneno mengi. Akamuuza bata kwa mama mmoja, halafu akamuuliza kama wanavyoulizwa wote, "Mama, unakula mwenyewe au unampa mtu?"

"Nampa mchungaji!"

Vigelegele. Nikawaza, watu wengine wamejaliwa midomo.

Kisha akafika kwenye gari letu.

"Wapendwa! Chombo hiki hakinywi mafuta, hakili majani, hakina kelele! Nani anaanza?"

Watu wakacheka. Nikadhani wataliacha. Mara bwana mmoja mnene mwenye miwani ya jua akataja bei. Mtu wa pembeni yangu akanong'ona, "Huyo ananunua vyuma chakavu. Kesho hilo limeshakatwakatwa."

Nikamuona baba na sabuni yake. Nikawaona wale watoto wanaotazama ubao. Ilibidi nimwambie dalali kwamba gari lile haliuzwi, ni la kituo. Na mimi mahali pekee nilipowahi kusema mbele za watu ni darasani, na darasani ukitaka kusema unafanyaje?

Nikanyoosha mkono.

"Kijana ameongeza!" dalali akapiga kelele.

Yule wa miwani akaongeza. Mimi mkono bado uko juu. (Kwetu ulikuwa huushushi mpaka mwalimu akutaje. Ukishusha ni kama ulikuwa hujui jibu.)

"Kijana ameongeza tena!"

Yule wa miwani akanigeukia, akavua miwani. Akaongeza. Mkono wangu uko palepale, tena nimeuegemeza kwa ule mwingine maana ulianza kuchoka.

"Kijana hataki mchezo! Bwana mkubwa, unaongeza?"

"Mwacheni," yule bwana akasema. "Huyu atakuwa ameona kitu humo ndani."

"Mara ya kwanza! Mara ya pili! Mara ya tatu! Limekwenda!"

Nikashusha mkono. Nimechelewa. Nimenunua gari letu.

Lakini sikilizeni, bado kulikuwa na nafasi. Dalali alinisogelea kabisa, akaniwekea kipaza sauti mdomoni. Kanisa zima likanigeukia. Hata mbuzi alinitazama.

"Kijana, unakula mwenyewe au unampa mtu?"

Si mnaona? Jibu lilikuwa pale! "Nawapa watoto wa kituo." Basi. Kila kitu kingekaa sawa, na vigelegele ningepigiwa. Nililiandaa kichwani neno kwa neno. Nikafungua mdomo. Nikayaona macho ya watu wote yale.

"Nakula mwenyewe."

Jamani. Kilichofuata sijui nikielezeeje. Kuna mama alikaa chini kabisa. Mchungaji alijifunika uso kwa joho. Mtu akauliza, "Na mboga gani?"

Kelele zile ndizo zilizowatoa watu wa kituo jikoni, walikokuwa wanapikia wageni. Akaja mama mmoja akijifuta mikono kwenye kanga, na nyuma yake vijana na wasichana wamevaa ovaroli. Walivaa ovaroli Jumapili, kwa ajili ya gari. Mmoja, msichana mdogo kuliko wenzake, akaigusa taa ya mbele.

"Mwalimu, si ndilo letu la Kisanga?"

Kumbe yule mama ndiye mwalimu niliyemwandikia. Akanitazama. Hakukasirika, na hilo ndilo linaloniuma mpaka sasa. "Kijana wangu, kama mmebadili mawazo hakuna ubaya. Mngetuambia tu."

Nikajikaza nimweleze. Kilichotoka ni, "Asante."

Asante!

Kabla sijapata neno lingine, kwaya walishaanza kulisukuma gari getini kwa shangwe, maana mshindi anasindikizwa. Bei nimeahidi kuileta Jumapili ijayo, na yote itaenda kwenye mabati ya kanisa, watoto hawaambulii kitu. Nje, Mjomba Selemani alikuwa ameshapakia jembe lake na kuwasha trekta.

"Mpwa wangu! Nimesikia kwenye spika umeshinda gari! Liko wapi?" Akaliona. Akalitazama, akanitazama mimi. "Hili si..."

"Ndilo."

Akafunga kamba.

Nyumbani baba alikuwa kibarazani na redio yake. Aliliona likiingia uani, akasimama. "Wamelikataa?" Sauti yake ilikuwa ndogo. Nikamweleza yote, kwa shida. Baba hakucheka. Alizima redio, akaingia ndani.

Nimemwandikia mwalimu ujumbe sasa hivi, umenichukua muda mrefu kuliko hadithi hii. Amejibu: "Kumbe! Basi lilete, watoto bado hawajavua ovaroli." Ila trekta la mjomba limeingia shambani na halitoki leo wala kesho.

Kwa hiyo anayejua chombo chochote kinachoelekea Mikumi chenye uwezo wa kuvuta gari, naomba anisaidie. Lakini aniandikie. Asinipigie simu, nitamwambia nakula mwenyewe.