Moshi Hauna Hatia

Jumatatu, 3 Machi 2025

Mgeni leo! Moureen, mtafiti wa magonjwa ya kifua, amefika kwetu hapa Ndanai na maswali yake. Alimuuliza mke wangu Chelimo amepika kwa kuni tangu lini. Tangu utotoni, akajibu, kisha akakohoa. Nami nikaulizwa huwa nakaa jikoni kiasi gani. Mimi! Mwanaume wa Kipsigis! Nikamjulisha kwamba chai hunifuata sebuleni. Akasema ndiyo sababu kifua changu ni kizima. Moshi hauumizi leo kwa leo, alisema. Huingia miaka na miaka ndipo kikohozi kije. Tuweke bomba la bati la kutolea moshi.

Chelimo akatupa jicho chumbani. Chini ya kitanda kuna mabati yangu mapya ya kibanda cha pikipiki. Pikipiki sijanunua bado, lakini nguzo nimeshasimamisha. Mtu hujipanga.

Nimepata mpango. Nitakaa jikoni wiki nzima. Nisipokohoa, moshi hauna hatia na mabati yanabaki yangu.

Jumanne, 4 Machi

Nimeanza. Macho yanatiririka. Ni vitunguu. (Chelimo alikuwa anachemsha maziwa.)

Kiptum, rika langu, alichungulia akanikuta nimekalia kigoda cha mama watoto. Kabla majani yetu ya chai hayajapimwa jioni, kituo kizima kilikuwa kinaniuliza kama ugali umeiva. Aliyecheka zaidi ni Nyaberi, jirani yangu Mkisii. Yeye amemwekea mkewe bomba, na hutoa habari zake hata asipoulizwa. Akataka kujua kama nimewahi kupanda chai Jumatatu nikaichuma Ijumaa. Wivu tu.

Jumatano, 5 Machi

Kumbe jikoni ni kuzuri hivi! Chai ya huku ina moto wa kweli. Hindi la kwanza la kuchoma ni langu. Miaka yote hii nimekunywa chai iliyopoa kwa ajili ya heshima.

Nilikohoa kidogo. Nilipaliwa na mursik, maziwa yetu ya kibuyuni. Nikanywa asali na tangawizi, kwa usalama. Chelimo naye anakohoa kila saa, lakini yeye alianza kabla ya wiki hii. Kwa hivyo moshi wa wiki hii hauhusiki. Hilo hata Moureen hawezi kulipinga!

Ijumaa, 7 Machi

Moureen amerudi. Nikampelekea kifua changu kizima na ushahidi wote. Alisikiliza vizuri, kisha akauliza kama naweza kuketi pale hadi binti yetu Fancy awe nyanya.

Papo hapo Chelimo akainama kupuliza moto. Kikohozi kikamshika, kikakataa kumwachilia. Akang'ang'ania mlango, midomo ikabadilika rangi. Niliogopa. Sijaogopa hivyo tangu siku aliyomzaa Fancy. Nikaingia chini ya kitanda mwenyewe, bila kuambiwa, nikayatoa mabati.

Nyaberi akaja na ngazi na nyundo. Kufikia jioni bomba lilikuwa juu na moshi unatoka nje kwa adabu. Chelimo aliosha vyombo akiimba wimbo wa kanisa. Nilifurahi kuliko nilivyopanga.

Jumapili, 9 Machi

Tumetoka kanisani. Niko kwenye kigoda, Kiptum aseme atakavyo. Chai moto, moshi hakuna. Raha tupu.

Ila kuna jambo. Leo Chelimo amekohoa tena. Tena katikati ya sala! Bomba liko juu tangu Ijumaa na kikohozi bado kipo. Ushahidi ni ushahidi: bomba halifanyi kazi, na mabati mazuri yanapigwa jua bure.

Nikamweleza kwa upole. Akasema, Baba Fancy, nguzo zile zimengoja pikipiki tangu Fancy aanze chekechea, leo yuko sekondari, na yeye Chelimo hajawahi kuzipasua ziwe kuni. Kisha akanijazia kikombe.

Sioni yanavyohusiana. Kesho nitaazima ngazi ya Nyaberi.