Panya Wangu Wanono

Jumatatu, 3 Juni. Mawingu, baridi kidogo.
Nafasi ya msimamizi wa chumba cha panya imetangazwa. Ni yangu! Kikwazo ni Mama Usafi tu, mtunzaji mwenzangu. Mimi natunza panya sitini wanaovutishwa vumbi la madini ya nikeli, Daktari ajue kama linaleta saratani. Yeye anatunza sitini wa hewa safi. Leo tumewapima uzito. Wake wamenona kama mito. Wangu mbavu nje. Mama Usafi akaniuliza mbele ya Daktari, eti shoga, hao unawalisha au unawasimulia chakula? Watu wakacheka. Nami nikacheka. Moyoni naungua.

Jumanne, 4 Juni. Jua kali.
Dawa nimeipata: karanga! Kila panya punje tatu, asubuhi na jioni, Mama Usafi akienda kunywa chai. Walinipokea kama shangazi aliyetoka safari. Mume wangu kauliza karanga za jikoni zimeliwa na nani. Nikamjibu, panya. Sijasema uongo.

Jumatatu, 10 Juni. Manyunyu.
Ushindi! Wangu wamewapita wake. Daktari kapima mara tatu, kabadilisha mizani, kapima tena. Kasema tangu aanze kazi hajaona nikeli ikinenepesha kiumbe. Nikamwambia kwa unyenyekevu kwamba mkono wa mlezi ni nusu ya afya. Mama Usafi kageuka kuwahesabu upya panya wake.

Jumatano, 12 Juni. Upepo.
Daktari kakuta maganda ya karanga kwenye maranda ya mbao tunayowatandikia vizimbani. Nikakiri. Akaketi juu ya ndoo, akashika kichwa. Akasema, mama, makundi haya yalitakiwa kutofautiana kwa vumbi tu. Sasa mmoja akiota uvimbe, nitajuaje ni nikeli au ni karanga zako? Miezi minane imekwenda na maji. Tunaanza upya, na panya wapya. Usimamizi kapewa Mama Usafi. Mimi nimepelekwa kuosha vizimba.

Vya makundi yote mawili! Nani amewahi kuaminiwa na makundi yote mawili? Hii ni kupanda cheo, wasioona shauri yao. Na panya wapya wa vumbi watabanwa kifua, maskini. Nitawadondoshea mafuta ya mkaratusi kwenye maranda, wapumue vizuri. Daktari kakataza kulisha. Kunusisha hakukutaja.

Nalala saa tatu na robo, usingizi wa mshindi.