Milimita Ishirini na Mbili

Jumatatu, 6 Machi
Siku ya kumi na moja bila tone. Baba mkwe kaamua: mwenye mahindi mazuri msimu huu, mimi au shemeji, ndiye atakayepewa shamba la bondeni. Shemeji! Kaka wa mke wangu, mtu anayejisifia hata kikohozi. Nikikosa bondeni nitazeekea kwenye kilima hiki cha mawe.

Jumanne, 7 Machi
Bwana shamba, anayekaa mjini, kaniachia kipimamvua nimsomee kila asubuhi. Anasema jua likiwaka hivi, viwavijeshi huzaana upesi. Mvua kubwa huviosha vile vichanga. Pakikauka huwaambia watu wapige dawa, ikinyesha huwaambia watulie. Akili ni nywele! Kipimo kikavu kabisa. Nimeandika milimita ishirini na mbili.

Alhamisi, 9 Machi
Ujumbe wa bwana shamba umeingia simu zote: mvua imetosha, msipige dawa. Kila jirani anadhani imenyesha kwa mwenzake. Mimi nitapiga kesho alfajiri, kimya kimya. Mke sijamwambia. Yeye na kaka yake ni chanda na pete.

Ijumaa, 10 Machi
Bomba la kupigia dawa halipo! Mke kamwazima kaka yake, pamoja na dawa. Anashangaa ninavyofoka: si tumeambiwa hatuvihitaji? Nikamkuta shemeji anamalizia mstari wa mwisho. Nikamuuliza kwa upole kama hakupata ujumbe.
"Nimeupata," akasema. "Ila nalala chini ya bati, shemeji. Tone moja nalisikia."
Bomba kanirudishia tupu. Dukani dawa mpaka wiki ijayo.

Alhamisi, 16 Machi
Nimekwisha. Majani ni matundu matupu, na moyo wa kila mhindi umejaa kinyesi cha viwavi, kama unga wa mbao. Nilikaa chini nikalia, mtu mzima mimi. Mke alianza kuviokota kimoja kimoja, akivitia koponi. Baba mkwe kapita, katazama, kashuka bondeni na shemeji.

Jumatatu, 3 Aprili
Bwana shamba haamini: mvua yote ile, na viwavi hivi! Kanisifu kwa kutokosa hata siku moja, kaniongezea kipimajoto. Anasema vidukari wanaofyonza maharage hushamiri penye joto, kwenye baridi hupoa. Shemeji kapanda maharage bondeni. Nasi tumepanda huku kilimani, ndiyo tegemeo letu lililobaki.
Jasho linanidondokea daftarini. Nimeandika nyuzi kumi na nne.