Mchezo Unaanza Saa Nne Asubuhi

Jumatatu, 6 Oktoba
Miaka kumi na minne! Naandika michezo, naielekeza, nabeba makochi ya jukwaani kwa gari langu mwenyewe, ukumbi wa kanisa hadi ukumbi wa kanisa, Woodbridge mpaka Baltimore, huku Marekani. Leo Mungu kanikumbuka. Bi Kamali, Mmarekani Mweusi aliyejifunza Kiswahili chuoni, ndiye anayechagua michezo ya ukumbi mmoja mdogo pale mtaa wa U Street, katikati ya jiji. Una taa za kweli! Una pazia! Jumamosi anakuja kutazama mchezo wangu, "Mama Mkwe Karudi". Akiupenda, tunaingia. Mke wangu Mwatumu kapiga kigelegele, kisha kaniuliza kama nimeshauandika mwisho wake. Mwanamke huyu ana maswali!

Jumanne, 7 Oktoba
Tangazo. Mchezo ni saa kumi na moja jioni, na watu wetu nawajua: ukiwaambia saa kumi na moja, ndipo wanapoingia kuoga. Nimeandika saa tisa. Mwatumu kasema nimwambie Bi Kamali saa ya kweli. Nikamjibu kwamba aliyesoma Kiswahili miaka mitano hawezi kukosa kujua jambo dogo kama hilo.

Alhamisi, 9 Oktoba
Christopher! Mkenya wa mji wa Bowie, naye ana mchezo Jumamosi hiyo hiyo. Tangazo lake: saa nane! Anataka kuniwahi watazamaji. Nikabadilisha langu: saa saba. Akaweka saa sita. Mimi saa tano. Yeye saa nne unusu asubuhi, lo, kachanganyikiwa! Nikammaliza: saa nne asubuhi. Mwatumu kaninyang'anya simu kabla sijafika alfajiri.
Mwisho wa mchezo bado sijaandika. Sina nafasi.

Jumapili, 12 Oktoba
Aibu. Utukufu. Sijui nianze wapi.
Jana Bi Kamali alifika saa nne kamili, na daftari lake. Ukumbini alikuwamo Mwatumu peke yake, na vitunguu vya pilau. Nilipoingia na kochi saa tisa, mgeni wangu alikuwa ameshamenya vitunguu vyote, amepanga viti mia mbili, na alikuwa akiwasomesha waigizaji wangu maneno yao. Nilitamani ardhi inimeze. Mara simu: Jeptoo, anayeigiza mama mkwe, ni nesi, yuko kazini, mwenzake wa zamu hajatokea. Kila mtu akamtazama Bi Kamali.
Akaingia jukwaani kavaa gauni la Jeptoo, karatasi mkononi. Badala ya kumtukana mkwewe, alimwarifu kwa masikitiko kwamba wali wake haukuiva. Ukumbi ukavunjika mbavu! Anna, mtazamaji wa safu ya tatu, akasimama kumtetea mkwe. Bi Kamali akamjibu, kwa adabu zote. Akina mama wakapanda jukwaani kumfunga kanga kiunoni, kisha wao wenyewe wakampatanisha na mkwewe, kwa nyimbo na machozi. Mwisho nisiouandika ukapatikana wenyewe. Nami nililia, nyuma ya kochi, waziwazi. Aliyecheka kuliko wote alikuwa Christopher. Kwake hakutokea mtu, kwa hiyo akaja kwangu, na usiku alinisaidia kubeba viti. Nampenda, mshenzi yule.

Jumanne, 14 Oktoba
TUMECHAGULIWA! Bi Kamali anataka hata wale akina mama wa kanga. Sharti moja tu: U Street milango hufungwa saa ile ile iliyotangazwa. Nimeapa mbele ya Mwatumu kwamba nimebadilika. Kaniambia niape tena, polepole.

Alhamisi, 16 Oktoba
Kuweka saini mkataba ni saa tatu asubuhi, Shaw, jirani na U Street. Sasa ni saa tatu kasorobo, niko nyumbani Woodbridge, mwendo wa saa nzima kwa gari, chai ndiyo kwanza inachemka. Hakuna mtu mzima anayesema saa tatu akamaanisha saa tatu. Mwatumu yumo garini, anapiga honi tangu saa mbili.
Simu! Bi Kamali. Nikamwambia niko njiani, nimeshavuka mto, naingia jijini. Akanijibu, kwa Kiswahili chake kilichopigwa pasi, kwamba nisihangaike, ninywe chai yangu. Mkutano wenyewe ni saa tano. Ile saa tatu alinitajia mimi tu.
Ulaghai mtupu! Mtu niliyemlisha pilau! Nimeumia, kweli nimeumia.
Lakini saa tano? Basi muda upo. Nimemwita Mwatumu azime gari. Nimevua viatu. Nikijinyoosha nusu saa tu, tunafika.