Ndege Zilipiga Hodi, Nami Nikazikaribisha

Magongo, Changamwe,
Mombasa.
Mwezi wa Shaaban, Januari 1963

Kwa Bwana Mkubwa wa Waongoza Ndege,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, ukiwa juu mnarani au chini ofisini, pamoja na wote walio nawe. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi, ila heshima yangu ndiyo inayoumwa, na dawa yake iko kwako.

Mimi ni Mbwana wa Mwidani, niliyefanya mtihani wako Jumatatu iliyopita nikaambiwa sifai. Huenda jina hulikumbuki. Mimi ndiye yule wa kanzu, niliyezikaribisha ndege tatu kwa pamoja.

Kwanza nikweleze, kama ndugu yangu, nilivyofika mbele yenu. Hapa Magongo hapana arusi, khitima wala maulidi ambayo mimi sikusimama mlangoni kupokea wageni. Mimi ndiye nijuaye nani akae jamvi la mbele, nani asiketishwe karibu na mtalaka wake, na nani ana magoti mabovu apewe kiti. Basi redioni nikasikia kwamba, kwa kuwa uhuru umekaribia, wanatafutwa wananchi wa kufunzwa kazi ya kupokea ndege. Kupokea! Nikamwambia mke wangu, "Mama Dhahabu, wananitaka mimi." Akanitazama, akasema, "Wewe kuku akipaa tu unafumba macho." Lakini kanzu alinipigia pasi.

Sasa malalamiko yangu. Nayatia nambari, maana nimeona ninyi mnapenda nambari.

1. Kuhusu salamu. Mliniketisha mbele ya meza yenye picha ya uwanja na ndege ndogo za mbao, mkanivika vile vidude vya kusikilizia masikioni. Bwana Barakat, karani wako, alikaa nyuma ya pazia akijifanya rubani, na kwa kuwa mlisema mnapima akili wala si Kiingereza, alisema nami kwa Kiswahili. Akaanza hivi: "Mnara, mimi ndege ya kwanza, naomba ruhusa ya kutua." Basi! Hakuna salamu aleikum, hakuna shikamoo. Na huyu ni mtoto wa watu, mzaliwa wa hapa hapa, babake namjua. Nikamrudisha kwenye adabu taratibu. Nikamuuliza habari za huko juu, na za nyumbani, na watoto kama hawajambo. Mtahini, yule Mzungu wa masharubu, akaandika kitu. Baadaye naambiwa nimepoteza wakati. Bwana Mkubwa, na huyo rubani angekuwa na homa? Mngejuaje bila ya kumuuliza u hali gani?

2. Kuhusu karibu. "Naomba ruhusa ya kutua" kwa lugha yetu ni neno moja tu, nalo ni hodi. Na hodi jawabu lake ni moja tangu dunia iumbwe. Nikasema, "Karibu." Kabla hajatua, Barakat akabadili sauti akawa ndege ya pili, naye akapiga hodi. Nikasema, "Karibu." Ikaja ya tatu kwa sauti nyembamba. Mimi nikaona haya kuwabagua, nikasema, "Karibuni nyote, nafasi ipo, sogeleaneni." Mtahini akazisukuma zile ndege za mbao zote tatu mahali pamoja, zikapandana kama viatu mlangoni mwa msikiti siku ya Ijumaa. Kisha akashika kichwa. Nyuma ya pazia rubani wangu alikuwa akicheka mpaka akapaliwa.

Nikaambiwa ilinipasa kuwaambia wale wawili, "Zungukeni hewani, msubiri." Bwana Mkubwa, hapa ndipo nilipochoka. Mtu ametoka Nairobi, ametoka Aden, amefika mlangoni kwako na hodi yake, nawe unamwambia aizunguke nyumba? Hata usiyempenda humwambii hivyo. Unasema karibu, kisha unamweka barazani mpaka achoke mwenyewe aende zake. Ndiyo maana nilimshauri mtahini, na wewe nakushauri, mjenge baraza huko juu. Watu walioweza kukifanya chuma kiruke hawashindwi kutandika jamvi hewani. Muuza kahawa wa kupita na dele nitawatafutia mimi.

Kisha fikiri, kesho tunapandisha bendera yetu. Wageni watakuja kutoka kila pembe ya dunia. Neno la kwanza watakalolisikia kutoka kwa nchi mpya liwe "zunguka"?

3. Kuhusu kupishana. Mtahini, nasema haki, alinipa nafasi ya pili. Tukaanza upya na ndege mbili. Mara hii nikatumia akili. Nikawauliza marubani nani kati yao ni mkubwa kwa umri, ili mdogo ampishe. Barakat akajibu kwa sauti ya kwanza, "Mimi mdogo, atangulie mwenzangu." Akajibu kwa sauti ya pili, "La hasha, haiwi, atangulie yeye." Wallahi nilifurahi. Ule ndio ustaarabu wetu. Niliwaacha wapishane kwa raha zao, kila mmoja akimbembeleza mwenziwe, mpaka mtahini akasema mafuta yao yamekwisha na wote wawili wameanguka. Sasa kosa langu hapo liko wapi? Wamekufa na adabu zao.

4. Kuhusu mlango wa uani. Ikaja ndege nyingine, nikaambiwa imebeba mabibi watupu, wanatoka arusini Lamu. Bwana Mkubwa, tangu lini mabibi wakaingilia mlango mmoja na wanaume? Nikawaelekeza vizuri kabisa wapite nyuma, waingilie upande wa uani. Kwenye ile picha ya mezani, huko nyuma pamepakwa rangi ya buluu, ya kupendeza. Nilidhani ni mkeka. Hakuna aliyeniambia kuwa ni bahari.

5. Kuhusu inshallah. Mwisho mtahini mwenyewe akawa rubani, Barakat akinifasiria. Akauliza, "Mnara, nikishuka sasa njia ni nyeupe?" Nikasema, "Inshallah." Akasema, "Ndiyo au siyo?" Nikasema, "Ndiyo, inshallah." Akapaza sauti, nami ili atulie nikaongeza dua fupi ya safari. Nimekatwa alama, eti sina hakika. Je, wewe unayo? Mimi hakika yangu ni ya mauti peke yake, na nikaona hilo si neno la kumwambia rubani.

Yote haya ningeyameza. Lakini Barakat hana kifua. Kabla ya magharibi Magongo nzima ilikwisha jua. Nilipoingia nyumbani mke wangu akaniuliza, "Baba Dhahabu, leo umezika wangapi?" Hilo ni la ndani, tulicheka wote. La nje ndilo liumalo. Ijumaa ijayo Bi Kuluthum anamwoza binti yake, Suad, na mlango kapewa Boga. Boga! Mtu asemaye "ingieni" hali amekaa! Nikaenda kwa Bi Kuluthum kuuliza. Akaniambia kwa upole, "Kaka Mbwana, usinione vibaya. Watu wanaogopa. Wanasema aliyegonganisha ndege atagonganisha na masinia ya pilau." Nikarudi nimeinamisha kichwa. Nimesimama milangoni mwa watu tangu ndevu zangu nyeusi. Nikinyang'anywa mlango, mimi ni nani hapa?

Kwa hivyo nakuomba mojawapo. Ama mtihani urudiwe, na baraza la hewani lihesabiwe kuwa lipo. Ama, hilo likishindikana, unipe barua yenye muhuri, isemayo kwamba zile ndege zilikuwa za mbao, kwamba hapakufa mtu, na kwamba kwa upande wa ukarimu Mbwana wa Mwidani hakuwa na mpinzani. Tafadhali inifikie kabla ya Ijumaa, niwahi kumwonesha Bi Kuluthum, na Boga akae vizuri zaidi.

Nisalimie mtahini na masharubu yake, na mkewe na wanawe, ingawa nilipomuuliza habari zao hakunijibu. Nisalimie marubani wote, wa kweli na wa nyuma ya pazia. Barakat mwambie kahawa ipo, aje, wala asipige hodi. Mama Dhahabu anakusalimu sana na anauliza kama hiyo kanzu ilionekana imenyooka.

Mimi kwa taadhima, mpokea wageni wenu, ikiwa mtanikubali,

Mbwana wa Mwidani

Baada ya sahihi: Nilikuwa nimesahau. Mama yangu, Bi Mwanabibi, amejaaliwa kwenda Hijja mwaka huu kwa ndege, na atarudi hapo uwanjani kwenu mwezi wa Mfungo Nne, inshallah. Ni mtu mzima, na mama sina mwingine. Siku hiyo nakuomba sana mnarani umweke yule Mzungu wa masharubu, asimwamkie mtu, asimuulize mtu habari, na awazungushe wengine wote bila haya mpaka mama akanyage ardhi. Na ikiwa kufikia hapo utakuwa umekwisha niajiri, naomba ruhusa siku hiyo nisije kazini.