Kiti cha Wenye Jongo

Mtaa wa Kongo, Kawangware
Jumatano, 14 Machi 1979

Kwa Mwenyekiti,
Chama cha Kufaana cha Watu wa Nyumbani,
Laini Saba, Kibera

Ndugu Mwenyekiti, ambaye pia ni Baba Mdogo wangu,

Natumaini barua hii inakukuta umeketi. Kama umesimama, tafadhali keti kwanza, maana najua kidole chako cha mguu hakipendi habari ndefu. Changu pia hakipendi, na hilo ndilo lililonifanya niandike.

Wangila, katibu wako, ameniarifu kwamba wazee mmekata shauri nirudishwe Bungoma kwa basi la Ijumaa ya wiki ijayo, nikapumzishe mguu kwa nyanya. Kazi yangu ya kupiga chapa nimwachie atakayeipata, na chumba nimrudishie mwenye ploti. Nawashukuru kwa huruma hiyo, hasa kwa kuwa hakuna aliyenisumbua kwa kuniuliza. Kabla sijafunga mizigo, naomba kuwasilisha malalamiko yangu kwa adabu zote.

1. Kuhusu jina la ugonjwa. Daktari wa kliniki alinitoa damu, akaipima, akasema nina jongo, lile lile ulilo nalo wewe. Langu si kali. Haliniangushi kitandani, lakini pia haliniruhusu kulisahau. Huja bila hodi, hukaa kwenye kidole gumba cha mguu wa kulia, kikawa chekundu na cha moto, hata shuka nisitake iniguse. Kisha huondoka nusu, kama mgeni aliyeacha sanduku lake. Nilipowaeleza, mlicheka. Mzee Shivachi alisema, "Jongo ni la watu waliokula nyama wakashiba. Wewe, msichana, uliila wapi?" Nawe ukakata kesi kwamba ni raizoni zangu, vile viatu vya soli nene. Baba Mdogo, viatu hivyo nilivigawa mwaka juzi. Inaonekana kidole hakijapata habari.

2. Kuhusu chakula. Daktari alinikataza maini, figo, matumbo, nyama nyingi na pombe. Nilimshukuru kwa kunikataza vitu ambavyo mshahara wangu ulikuwa umekwisha kunikataza. Kisha akaongeza omena, wale dagaa ninaowamudu. Hapo ndipo nilipolia. Sasa nala ugali na sukuma wiki, nakunywa maji mengi, na nikilala naweka mguu juu ya sufuria iliyopinduliwa. Wewe ulikatazwa vitu hivyo hivyo. Lakini kila Jumapili chama kinakuchinjia kuku, na firigisi inaletwa kwako peke yako katika sahani iliyofunikwa, eti upate nguvu ya kuvumilia maradhi. Sijawahi kuona mafuta ya taa yakimwagwa motoni kwa heshima kubwa kiasi hicho.

3. Kuhusu Jumapili iliyopita. Miguu miwili ilivimba katika ua mmoja. Mmoja uliwekwa juu ya kigoda chenye mto, watu wakaja kuusalimu kwa zamu: "Pole, mzee. Hayo ndiyo maradhi ya wakubwa." Wa pili ulitumwa mferejini kuchota maji. Nilipojaribu kuketi kidogo kwenye kiti chako cha mikono, ulipokuwa umetoka kwenda msalani, Wangila aliniuliza mbele ya watu kama nimeota ndevu. Nilijipapasa kidevu. Bado, lakini kwa jinsi mambo yanavyokwenda sijakata tamaa.

4. Kuhusu hukumu yenyewe. Mmesema mwenye jongo hafai kukaa Nairobi, kwa kuwa mji huu unataka watu wenye miguu. Nakubali. Basi zikatwe tiketi mbili, nami nitakuachia kiti cha dirishani. Lakini kama jongo ni maradhi ya wakubwa, basi mimi ni mkubwa, na wakubwa hawapandishwi basi kwa shauri walilokatiwa. Chagueni moja. Mnisamehe pia nikikumbusha kwamba napiga chapa kwa vidole vya mikono, na mwajiri wangu hajawahi kuulizia vya miguu.

Hapa naomba niache mzaha kwa sentensi chache. Chumba hiki ni cha mabati, na mvua ikinyesha sisikii hata redio ya jirani. Hata hivyo ni mahali pa kwanza maishani mwangu ambapo nimefunga mlango nikabaki na mawazo yangu, bila mtu kuyatuma dukani. Nikirudi nyumbani sitarudi tena huku. Wewe unalijua hilo, na wazee wote wanalijua.

5. Kwa hiyo naomba rasmi yafuatayo: kiti cha mikono, kigoda cha mguu, firigisi, ambayo sitaila bali nitaitazama, maana nadhani utamu wake uko katika kuletewa, na sauti katika kesi zote za chama, kuanzia yangu. Aidha, wanaougua viungo katika chama kizima ni sisi wawili tu. Chako ni kidole kikali, changu ni cha wastani. Siku ya uchaguzi itakapofika, busara itataka uenyekiti apewe yule anayeweza kufika mkutanini bila kushikwa mkono. Sitagombea. Nitasubiri kuombwa.

Wasalimie watoto wote, Mzee Shivachi, majirani wa ploti yenu, na kuku yeyote aliyesalia.

Ni mimi, mgonjwa mwenzako,
Jentrix Nabalayo

Nyongeza: Kabla ya kufunga bahasha niliwasomea barua hii akina mama wanaopika nami siku za mkutano. Walikuwa wamekuja kunisaidia kufunga mizigo. Walicheka vizuri mpaka nilipofika pale pa "sisi wawili tu". Kavetsa aliniletea vidole vyake karibu na macho. Amefulia watu nguo miaka mingi, na asubuhi havikunjiki. Mke wa Mzee Shivachi aliinua leso, akanionyesha magoti ambayo anasema mzee hajawahi kuyaulizia. Na Mama Mdogo, mkeo, alisema polepole kwamba yeye hupanda kitandani akishika ukuta kwa sababu ya nyonga, kisha huteremka tena kukukanda mguu wewe. Nimekula nao miaka yote hii, na sikuwa najua.

Basi hoja yangu yote haina msingi. Kama maumivu ya viungo yangempa mtu kiti, nyinyi wazee mngekuwa mmesimama tangu chama kianzishwe. Naondoa ombi la kiti, la kigoda na la firigisi. Badala yake nimetumwa nikuarifu kwamba Jumapili akina mama wote watafika mapema, nao wataketi. Unga utakuwa ndani ya gunia na sufuria zitakuwa zimefunikwa. Kesi yangu itasikizwa kwanza, kabla mtu yeyote hajauliza chakula kiko wapi.