Tochi ya Daktari Kamaludin

Kamaludin alijua Langoni kumeiva siku alipomwona mzee mzima, mwenye ndevu na heshima zake, akienda kunywa kahawa barazani na kikombe chake mwenyewe mfukoni mwa kanzu. Maradhi ya macho mekundu yalikuwa yamepita mtaani. Watu walisalimiana kwa mbali kama walioachana majuzi, na milango ilifunguliwa kwa viwiko. Sinia ya pilau iliyozoea watu wanne sasa ililiwa na mmoja, wala hakulalamika.

Kesho yake Kamaludin wa Ndau, mtu aliyeijua hospitali kwa kulazwa tu, alikuwa Daktari Kamaludin wa Mombasa. Koti jeupe alilipata kwa muuza nyama; doa alilifunika kwa kalamu tatu. Mkononi alishika tochi ya mwanga wa zambarau, ile wanayokagulia noti bandia madukani.

"Wadudu hawaonekani kwa macho," alisema nyumba hadi nyumba. "Kwa hii wang'aa."

Na waling'aa. Ulikuwa mwezi wa harusi, na hapakuwa na mwanamke ambaye hakushika singo, ule mchanganyiko wa manjano na liwa wanaosugulia maharusi. Manjano yakimulikwa na tochi ile huwaka. Kamaludin aliligundua hilo siku moja akikagua noti juu ya sahani ya mchuzi, na tangu hapo hakulala vizuri kwa furaha. Akachukua birika la shaba hapa, kidau cha wanja cha fedha pale, akiahidi kuvirudisha baada ya siku tatu, vikishachemshwa kwa mtambo ulioko Mokowe, ng'ambo ya maji. Mtambo pekee aliokuwa akiuwazia Mokowe ulikuwa basi la Mombasa.

Lakini kilichomtoa udenda ni mrashi wa Bi Hayat. Fedha tupu, shingo ndefu, wa nyanya yake, na hakuna harusi Langoni ambayo wageni hawakunyunyiziwa marashi kutoka humo. Alimkuta bibi jikoni, penye kigiza, akitwanga manjano.

"Shikamoo, Bi Hayat."

"Marahaba, daktari. Keti, lakini si karibu sana. Wewe washinda na wagonjwa."

Akaumulika mrashi. Ukawaka.

"Mikono mia imeshika hapa. Harusi ya Aaliya juzi, nusu ya waalikwa wameondoka na maradhi."

"Na mimi je?"

Viganja vya bibi viliwaka mpaka viwikoni.

"Hali si nzuri, Bi."

"Hebu mmulike na yule."

Yule alikuwa paka, ametoka mtaroni sasa hivi na kichwa cha samaki kinywani. Kamaludin akamulika kabla ya kufikiri. Hakuna kilichowaka, hata sharubu.

"Paka mzima," akasema Bi Hayat taratibu.

"Paka ana kinga yake."

"Alhamdulillahi kwa paka," akasema bibi. Akaufunga mrashi kwa leso, akamkabidhi. "Ukipotea huu, mjukuu wangu ataolewa mkavu. Haya, inama nikuombee. Ndia ya bahari hiyo."

Kwa viganja vile vile akampaka mafuta kichwani, nyuma ya masikio na shingoni, midomo ikienda kwa dua. Kamaludin alikaribia kumwonea huruma. Alikaribia tu.

Gatini boti ya Mokowe ilikuwa imejaa, Kamaludin katikati ya abiria na mzigo wake, na nahodha Harith ameshika kamba, Bi Hayat alipotokea anahema, wanawake wa Langoni nyuma yake.

"Harith, ngoja kidogo. Daktari ashinda na wagonjwa. Mmulike kabla hamjaondoka."

Abiria waliobanana naye wakaanza kusogea. Jua lilikuwa kali, basi bibi akavua buibui la juu akamgubika nalo. Harith akachukua tochi, akaingiza kichwa humo ndani, na hakukaa.

"La ilaha illallah. Shingo yote yawaka."

Kamaludin alikuwa na njia mbili tu. Akisema tochi yaongopa, wenye mabirika wamesimama pale pale. Akinyamaza, yeye ni mgonjwa. Kwa mara ya kwanza maishani mwake, alinyamaza.

"Na mzigo wake?" akauliza Harith.

"Ushushe. Kila mtu achukue chake, tutajichemshia wenyewe," akasema Bi Hayat, mrashi umeshafika kwapani mwake.

Tangu siku hiyo hakuna boti, ya Mokowe wala ya Ndau, inayokubali kumpakia mpaka tochi isiwake. Bi Hayat, kwa huruma zake, amempa kibanda uani, na humwogesha kwa siki, ndimu na chumvi, kisha humfukiza ubani mpaka akohoe. Na kwa kuwa mgonjwa akikaa bure huwaza mabaya, kutwa humtwangisha manjano.

Kila jioni humwita jikoni, akamulika viganja vyake.

"Bado, mwanangu," humwambia, na kumrudishia mchi.

Harusi zimebaki kumi na moja.